Je, mtambo wa Uswisi waweza kuimeza dunia?

Siku moja kabla ya tarehe 5 Julai 2022, mama mmoja anayeuza nguo sokoni aliingia katika kliniki yangu hapa Nairobi akiwa amemshika mkono mwanawe wa kidato cha pili. Kijana alikuwa nyumbani likizoni. Mama alieleza kwamba kwa siku nne mfululizo mwanawe hakuwa amelala, moyo ulikuwa ukimwenda mbio, vidole vikimfa ganzi na chakula hakimpiti kooni. Mwenyewe alishuku malaria. Jirani alikuwa amemhakikishia kwamba hivyo ni vidonda vya tumbo.

Nilimpima kijana joto na presha, nikasikiliza kifua, nikaagiza apimwe damu. Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa mpigo wa moyo, ambao ulikuwa 118 kwa dakika. Nilimwomba mama aketi nje kidogo. Tulipobaki wawili, kijana alitazama mlango, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Daktari, ni kweli kesho watafungua kuzimu?"

Alikuwa ameona kwenye simu yake filamu fupi fupi zilizodai kwamba tarehe 5 Julai wanasayansi wa Geneva wangewasha mtambo mkubwa chini ya ardhi, na kwamba mtambo huo ungefungua mlango wa kuzimu au kuiburura dunia ndani ya shimo jeusi. Alikuwa ametazama filamu hizo nyingi, kwa maana simu za siku hizi zina tabia hiyo: ukitazama moja ya kutisha, inakuletea kumi.

Msomaji, usimcheke kijana huyo. Watu wazima wenye shahada wameniuliza swali hilo hilo, ingawa wao hulifunika kwa mzaha. Na kabla hujalitupa kama upuuzi wa watoto, fahamu kwamba hofu hii iliwahi kupoteza uhai. Nitalirudia jambo hilo.

Mtambo wenyewe upo. Ni mali ya CERN, shirika la Ulaya la utafiti wa nyuklia lililoundwa mwaka wa 1954, na umelazwa ndani ya pango la mviringo lenye mzunguko wa kilomita 27, karibu mita 100 chini ya mashamba na vijiji vya mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Ndani yake protoni, ambazo ni chembe zilizomo katika kiini cha kila atomu, hukimbizwa hadi zikaribie kabisa kasi ya mwanga. Kila protoni huuzunguka mviringo huo zaidi ya mara 11,000 kwa sekunde moja. Kundi moja huenda huku, jingine huja kule, kisha yanagonganishwa, nao wanasayansi huchunguza vipande vinavyotawanyika ili wajue maumbile yameundwa kwa nini. Sumaku zinazoziongoza chembe hizo hupozwa hadi nyuzi 271 chini ya sufuri.

Huenda neno "nyuklia" katika jina hilo ndilo linaloanza kutia watu kiwewe. Mtu akilisikia hukumbuka bomu. Sisi madaktari tunalijua vyema tatizo hili. Ile picha ya MRI ambayo wagonjwa wengi wanaifahamu leo, jina lake la awali la kisayansi lilikuwa na neno nyuklia, na likaondolewa kwa sababu wagonjwa walikuwa wakiingiwa na hofu bure. Hakuna bomu ndani ya mashine ya MRI, na CERN pia hawaundi bomu.

Hofu yenyewe ilianza kabla ya mtambo huu. Mwaka wa 1999, mtambo mdogo zaidi ulipokaribia kukamilika huko Brookhaven, Marekani, magazeti yaliuliza kama ungeweza kuangamiza dunia. Jopo la wanafizikia likaitwa kulichunguza suala hilo na likasema hapana. Mtambo ukaanza kazi mwaka wa 2000 na dunia ikaendelea na shughuli zake. Kisha zamu ya Geneva ikafika. Mnamo Machi 2008 watu wawili, Walter Wagner na Luis Sancho, walikwenda katika mahakama ya Hawaii wakitaka mtambo uzuiwe. Kesi yao ilitupwa Septemba mwaka huo kwa kuwa mahakama haikuwa na mamlaka juu ya jambo hilo, na mahakama ya rufani nayo ikawakatalia mwaka wa 2010. Wengine walijaribu mahakama za Ulaya. Nako hawakufaulu.

Siku ya kuuwasha ilikuwa tarehe 10 Septemba 2008. Runinga za nchi nyingi zilikuwa zimeshinda siku kadhaa zikiuliza kama huo ndio mwisho wa dunia. Nchini India, msichana wa miaka 16 aliyekuwa ameitazama mijadala hiyo alijiua. Wazazi wake walisema walijaribu kumwondoa mawazo hayo wasifaulu. Nilipoisoma habari hiyo nilikuwa daktari kijana, na kuna kitu kimoja ambacho hadi leo kinanikera: siku hiyo hakuna chembe hata moja iliyogonganishwa mle pangoni. Wahandisi walikuwa wakijaribu tu kuzizungusha protoni ili waone kama njia ni wazi, tena kwa nguvu ndogo kuliko ile ambayo mtambo mwingine wa Marekani ulikuwa ukiitumia kwa miaka mingi. Migongano ya kwanza ilifanyika Novemba 2009. Watangazaji waliokuwa wakihesabu saa wangeweza kulijua hilo kwa kupiga simu moja tu.

Sasa tuingie katika swali lenyewe. Je, kuna hatari?

Tuanze na nguvu ya mgongano mmoja. Tangu Julai 2022 mtambo huo umewahi kugonganisha protoni kwa nguvu ya teraelektronivolti 13.6. Neno hilo ni refu na linatisha, lakini teraelektronivolti moja ni takriban nguvu ya mbu mmoja anayeruka. Kwa hiyo mgongano mmoja ni sawa na mbu kumi na wanne hivi. Ukipiga makofi unatoa nguvu nyingi kuliko hizo. Tofauti ni kwamba huko Geneva nguvu ya mbu hao imebanwa mahali padogo mno, padogo kuliko atomu mara nyingi sana, na ndiyo maana mambo yasiyo ya kawaida hutokea hapo. Ni ya ajabu, lakini ni madogo.

Pili, na hili ndilo lililonituliza mimi mwenyewe, migongano ya aina hiyo haikubuniwa na binadamu. Mwaka wa 1912 mwanasayansi wa Austria, Victor Hess, alipanda angani kwa puto akiwa na vipimo vyake, akagundua kwamba kuna mionzi inayotujia kutoka mbali huko anga za juu. Mionzi hiyo ni chembe, nyingi zikiwa protoni, zinazogonga hewa iliyo juu yetu usiku na mchana. Baadhi huja na nguvu zinazopita kwa mbali chochote kinachoweza kufanywa Geneva. Nyoosha kiganja chako sasa hivi unaposoma: takriban chembe moja iliyozaliwa na migongano hiyo inakipenya kila sekunde. Sisi tunaoishi Nairobi, mwinuko wa mita 1,700 hivi, tunapata nyingi kidogo kuliko ndugu zetu wa Mombasa, na sijamwona mgonjwa aliyehamia Likoni kwa sababu hiyo.

Wanafizikia watano walioandika taarifa ya usalama ya CERN mwaka wa 2008 walifanya hesabu. Walisema kwamba tangu dunia iumbwe, mionzi hiyo imefanya juu ya sayari yetu migongano iliyo sawa na kuurudia utafiti wote wa mtambo wa Geneva mara 100,000 hivi. Kama mgongano wa namna hii ungeweza kuimeza dunia, ingekuwa imemezwa zamani za kale kabla hapajatokea mtu wa kuogopa.

Wapinzani walikuwa na jibu, nalo halikuwa la kijinga. Walisema: chembe inayotoka angani huja kwa kasi kubwa, na ikigonga hewa, chochote kitakachozaliwa kitaendelea mbele kwa kasi hiyo na kupita dunia hadi upande wa pili kama risasi ndani ya ukungu. Lakini Geneva chembe mbili hukutana uso kwa uso, kwa hiyo kitakachozaliwa chaweza kusimama hapo hapo na kubaki nasi. Shimo jeusi dogo likibaki, litakula polepole hadi litumalize.

Hoja hiyo ilistahili kujibiwa, na ikajibiwa. Kwanza, nadharia iliyotolewa na Stephen Hawking mwaka wa 1974 yasema kwamba shimo jeusi dogo namna hiyo, hata likizaliwa, hutoweka papo hapo kabla halijala chochote. Lakini tuseme Hawking alikosea. Wanafizikia wawili, Steven Giddings na Michelangelo Mangano, waliliacha jibu hilo kando kwa makusudi mwaka wa 2008 wakajiuliza: kama mashimo hayo hayatoweki, tungeona nini angani? Kuna nyota zilizozeeka na kushindiliwa hadi zikawa nzito ajabu. Katika zile za nyutroni, kijiko kimoja cha chai kingekuwa na uzito wa mabilioni ya tani. Nyota kama hizo, tofauti na dunia yetu, zingeweza kulisimamisha shimo jeusi lililozaliwa na mionzi ya angani, hata likija kwa kasi gani. Kwa hiyo zingeliwa. Lakini tunaziona. Zimekuwapo kwa mamilioni ya miaka, nyingine mabilioni, na bado zipo.

Mimi si mwanafizikia. Ila katika udaktari nimezoea kutambua ushahidi mzuri, na huu ni wa aina ninayoipenda: haukutaki umwamini mtu, unakutaka utazame juu.

Wapo watakaosema kwamba walioandika taarifa ya usalama ni wanafizikia wale wale wanaoutaka mtambo, na kwamba kesi ya ngedere haipelekwi kwa nyani. Sina ugomvi na mtu anayeuliza hivyo. Ningeuliza hivyo hivyo kama kampuni ya dawa ingeniletea utafiti ilioufanya yenyewe, na ingekuwa bora zaidi kama wengi wa waandishi wangetoka nje ya fani hiyo. Lakini hesabu zao zilichapishwa wazi, zikasomwa na wenzao wa nchi nyingine wasiokula mshahara wa CERN, na tangu 2010 mtambo umegonganisha chembe mara nyingi mno zisizohesabika kwa vidole. Wamelitafuta shimo jeusi kwa bidii, kwa sababu atakayeliona atapata sifa ya milele, na hawajaliona hata moja. Walichokiona ni chembe ya Higgs, iliyotangazwa tarehe 4 Julai 2012 baada ya kutabiriwa miaka karibu hamsini kabla.

Nadhani kosa kubwa lilikuwa katika lugha. Mwanasayansi akiulizwa kama jambo fulani haliwezekani kabisa, ataona vigumu kusema "kabisa". Atasema uwezekano ni mdogo mno usioweza kufikiriwa. Yeye amesema hapana. Msikilizaji amesikia "labda". Nalijua kosa hilo kwa sababu nimelifanya. Zamani nilimweleza mgonjwa aliyekuwa akipelekwa kufanyiwa upasuaji mdogo kwamba dawa ya usingizi humdhuru mtu mmoja kati ya wengi sana. Nilidhani nimempa moyo. Aliondoka akarudi nyumbani, na hernia yake ikaja kumfunga utumbo miezi mitatu baadaye. Alipona, lakini tangu siku hiyo huwa nauliza kila mgonjwa: umesikia nimesema nini?

Je, hakuna hatari yoyote basi? Ipo, nayo ni ya wale wanaofanya kazi huko. Tarehe 19 Septemba 2008, siku tisa tu baada ya kuwashwa, kiungo kimoja cha umeme kati ya sumaku mbili kilikuwa na kasoro, kikayeyuka, na tani kadhaa za gesi ya heliamu zikafoka ndani ya pango. Sumaku 53 zililazimika kutolewa na mtambo ukasimama kwa zaidi ya mwaka. Hakuna aliyeumia kwa kuwa watu hawaruhusiwi pangoni mtambo ukifanya kazi. Mwaka wa 2016 mnyama mdogo jamii ya kicheche aligusa nyaya za transfoma huko juu, akafa, na mtambo wote ukazimika. Mtambo unaosemekana kuwa utaimeza dunia ulishindwa na kicheche.

Kisa cha kutisha zaidi kilitokea kwingine. Mnamo Julai 1978, huko Protvino katika Muungano wa Kisovieti, mtafiti aitwaye Anatoli Bugorski aliinama kukagua kifaa kilichoharibika, na kwa kuwa mitambo ya usalama ilishindwa, mwale mwembamba wa protoni ukampenya kichwani, ukaingilia kisogoni na kutokea karibu na pua. Aliona mwanga mkali ajabu lakini hakusikia maumivu. Uso wake ulivimba, ngozi ikachubuka, naye akapelekwa Moscow ambako madaktari walitarajia afe. Hakufa. Sikio la kushoto lilipoteza uwezo wa kusikia, nusu ya uso ikapooza, baadaye akapata kifafa, lakini alimaliza shahada yake ya udaktari wa falsafa na kuendelea na kazi. Mwale ulikuwa mwembamba, ndiyo maana mwili wake wote haukuungua. Hatari ya mitambo hii hukoma pale mwale unapogusa.

Tena huenda wewe au jamaa yako amewahi kulala chini ya ndugu mdogo wa mtambo huo. Mashine za kisasa za kutibu saratani kwa mionzi, ambazo ziko katika hospitali kadhaa za hapa Nairobi, huzipa elektroni kasi na kuzigongesha kwenye kipande cha chuma ili kupata miale inayoua uvimbe. Ni kanuni ile ile, kwa kipimo kidogo. Wagonjwa wengine huniomba dawa za kienyeji badala ya mashine hiyo kwa sababu wamesikia mionzi ni sumu, na wanaporudi uvimbe umekwisha kusambaa. Hofu hiyo nimeiona ikiua watu wazima, mmoja mmoja, bila kutangazwa na runinga yoyote.

Turudi kwa kijana wetu. Alichokuwa nacho si malaria wala vidonda vya tumbo. Mtu akiogopa, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, jasho hutoka, tumbo hukaza, usingizi hukimbia. Akianza kupumua kwa haraka hutoa hewa ya kaboni dayoksaidi kupita kiasi, na hapo vidole na midomo huanza kufa ganzi na kichwa kuwa chepesi. Mgonjwa huhisi anakufa, kwa hiyo huogopa zaidi, naye hupumua kwa haraka zaidi. Mwili haujui kutofautisha simba na filamu ya simu.

Usikimbilie kununua dawa za usingizi dukani. Baadhi hufanya mtu ashindwe kuziacha. Mketishe, mwambie avute pumzi polepole kwa pua, aitoe kwa kinywa polepole zaidi kuliko alivyoivuta, kwa dakika tano hivi. Mfuko wa karatasi ambao wengine huwafunika nao usoni sipendekezi. Kahawa, vinywaji vya kuongeza nguvu na miraa viepukwe, kwa kuwa huuchochea moyo ambao tayari unakimbia. Ikiwa mwenye dalili hizo amepita miaka arubaini, ana sukari au presha, au kifua kinamuuma, asiambiwe ni woga tu. Afike hospitalini akapimwe moyo. Upungufu wa damu na ugonjwa wa tezi ya shingo pia huleta dalili zinazofanana.

Na uliza. Wazazi wengi huniambia wanaogopa kumtajia mtoto habari ya kujiua wasije wakampa wazo hilo. Haliwi hivyo. Mtoto aliyekosa usingizi kwa siku kadhaa, aliyeanza kugawa vitu vyake au kuaga marafiki, mwulize waziwazi kama amefikiria kujidhuru. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu za wadudu nyumbani, na umlete hospitalini siku hiyo hiyo. Zamani familia zilificha jambo hili kwa kuogopa polisi, lakini mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai ni kinyume cha katiba.

Nilimwuliza kijana wetu. Alisema hapana, ila alikuwa amempa rafiki yake viatu vya mpira kwa kuwa hakuona haja ya kuwa navyo tena. Nilimwita mama, tukazungumza watatu kwa zaidi ya nusu saa, wagonjwa wengine wakinung'unika kwenye foleni. Nilimweleza habari za mbu kumi na wanne na za nyota. Tulikubaliana simu ikae kwa mama usiku, na kwamba kesho yake jioni anipigie.

Tarehe 5 Julai saa mbili usiku simu yangu ililia. Alikuwa yeye. Alisema amekula ugali na sukuma wiki, kisha akauliza kama ningeweza kuzungumza na mama yake rafiki, kwa sababu mwenzake alikuwa akikataa kurudisha viatu.